Doa la Jongoo

"Kaungua uji," mume wangu alisema kwa mara ya tatu. "Ndivyo nilivyowaambia, na ndivyo utakavyowaambia na wewe."

"Kaungua uji viganja vyote viwili, na hakuna hata lengelenge moja?"

"Nani atafungua bendeji aangalie?"

"Mimi nimefungua, Baba Seve."

Bendeji ilikuwa mezani, karibu na kikombe chake cha chai. Binti yetu Severina, miaka kumi, alikaa kwenye kigoda, mikono ameinyoosha juu ya magoti kama vitu vya kuazima. Vidole vilikuwa vya kahawia, kama vya mtu aliyeshinda anamenya ndizi mbichi, na katikati ya viganja kahawia ile ilikuwa imegeuka zambarau, karibu na nyeusi.

Sikuwa nimevua hata viatu. Basi la Mbeya lilinishusha Igawa asubuhi, nikatembea saa nzima kwenye tope la mvua za kwanza mpaka kijijini kwetu. Siku nne nilikuwa kwenye semina ya mbegu. Siku nne tu. Nimerudi nakuta trekta la kijiji limesimama mbele ya ghala, tela linapakiwa vyungu na ngozi za kulalia, na nyumbani mume wangu, mwalimu mkuu mzima, anamfunga mtoto bendeji asizozihitaji.

"Vyombo vya nani vile kwenye tela?"

"Vya Shigela."

"Shigela anahama?"

"Anahamishwa. Saa sita wanapelekwa barabarani Igawa, waende wanakojua." Mume wangu Joachim alipunguza sauti, ingawa nyumba nzima ilikuwa sisi watatu. "Jumatatu gunia la mbegu lilikutwa limebaki nusu. Kufuli zima, mlango mzima. Kadirisha kale ka nyuma kalikuwa wazi, na hapapiti mtu pale ila mtoto. Kamati ikakagua mikono ya watoto wote. Yule binti wa Shigela, Ng'washi, mikono yake ndiyo hiyo unayoiona hapo."

"Na ya Severina?"

"Ya Severina ilikuwa imeungua uji."

Nilikaa.

"Wazo la kukagua mikono lilitoka wapi?"

"Kwako," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejibu mtihani.

Ni kweli. Mimi ndiye bibi shamba wa kijiji, na ufunguo wa ghala ninao mimi. Mwezi wa kumi, siku mbegu za mahindi zilipofika, niliwakusanya watu, nikachota konzi ya mbegu zile nyekundu, nikazifinya kwenye kiganja chenye maji na kukiinua juu. Nikawaambia: hizi zimepakwa dawa ya kuua wadudu, rangi hii wameiweka makusudi ili asizile mtu, na atakayeziiba rangi itamshika mikononi, wala haitoki. Nikanawa kwa maji mbele yao, haikutoka. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwaka jana ulikuwa wa njaa. Nilitaka kuwatisha, na niliwatisha kweli.

"Mama," Severina alisema.

"Nyamaza kwanza," baba yake akamkata. "Mama Seve, sikiliza. Kuna basi la Iringa linapita Igawa saa nane. Mpeleke Kihesa kwa mama yako. Akae wiki mbili, ngozi ibambuke, arudi. Basi. Hatujamwibia mtu, hatujamsema mtu."

"Na Ng'washi?"

"Ng'washi si mwanangu!" Alipiga meza, kikombe kikaruka. "Unajua watasema nini wakiiona mikono hii? Hawatasema mtoto kaingia dirishani. Watasema mama yake kafungua mlango. Ufunguo unao wewe! Utafukuzwa kazi, utapelekwa polisi, na mimi shule nitaiongozaje? Fikiri!"

Nilifikiri. Na sitasema uongo: kwa muda wa kuvuta pumzi mbili niliiona Kihesa, nikaona uwanja wa mama yangu umefagiwa, na Severina anakula fyulisi chini ya mti mpaka mikono itakate. Baba yake hakuwa akisema upuuzi. Hilo ndilo lililonitia hasira zaidi.

"Severina. Umeshika nini?"

"Jongoo."

"Jongoo gani?"

Baba yake aliinua mikono juu. "Jongoo gani! Jongoo ni jongoo!"

Lakini mtoto alikuwa ameshaingia uvunguni mwa kitanda chake, akatoka na kopo la maziwa lililotobolewa matundu kwa msumari, na daftari la mraba. Alifungua kopo, harufu ya majani mabichi yaliyooza ikapanda. Akaanza kuniwekea mezani mmoja mmoja, kwa kijiti, juu ya bendeji ile.

"Huyu tumemwita Reli," alisema. Alikuwa jongoo mkubwa mweusi, mrefu kuliko kiganja changu na mnene kama kidole gumba, miguu yake ikipita kama wimbi chini ya tumbo. "Kwa sababu ya reli ya Wachina. Ana pingili hamsini na nane. Mwingine ana hamsini na tano. Kila pingili miguu minne, wala si miwili kama tandu. Ila pingili za mbele ni miwili miwili. Na wengine kwenye pingili ya saba kama wamepungukiwa miguu, Mama, tumewahesabu kumi na moja, sita wamepungukiwa."

"Hao ni madume," nilisema.

Macho yalimtoka. Alichukua penseli akaandika, kwa vidole vile vile vyeusi.

"Huyu ni Bati." Huyo alikuwa bapa, mgongo umetandazwa kando kama paa la nyumba. "Huyu hachafui mikono. Ila ukimtikisa ananuka kokwa la fyulisi lililopasuliwa."

"Usimnuse tena kwa karibu. Hiyo ni sumu. Na huyu?"

"Uzi. Anakaa kwenye karanga, anatoboa ganda. Ana vidoadoa ubavuni, Ng'washi anasema ni macho, mimi nasema siyo."

"Siyo. Ni vijifuko vya maji yake ya kujilinda."

"Na huyu ni Brashi." Kwenye gamba la mti lililokuwa ndani ya kopo palikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya mtama, chenye manyoya pande zote. "Huyu hana maji yoyote. Ng'washi ndiye aliyemwona. Mimi nilidhani ni uchafu."

"Anayepaka mikono ni yupi?"

"Reli. Jumapili tulikuwa tunawahesabu miguu. Ukimshika anajikunja, anatoa maji ya njano ubavuni. Tukanawa, hayakutoka. Jumatatu yakawa ya kahawia. Jana ndiyo yamekuwa hivi." Aliigeuza mikono. "Mama, Ng'washi alipoulizwa ulikuwa na nani, alisema alikuwa peke yake. Walimchapa fimbo, akasema peke yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na bendeji."

Alisema maneno hayo akimtazama baba yake. Hakulia. Afadhali angelia.

"Nani alimchapa?" nikauliza.

Joachim aliangalia dirishani.

Nilisimama. "Lete kopo. Daftari pia. Chukua na chupa ya mafuta ya taa jikoni, na sabuni, na ile kanga yangu kuukuu."

"Unakwenda wapi?" Joachim alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo. "Mama Seve, nakuambia kama mumeo. Usimtoe huyu mtoto nje."

"Ukisimama hapo nitapita dirishani, na mimi nitaambiwa mwizi. Chagua."

"Wataniuliza mimi! Mimi nilisema uji!"

"Basi na wewe utawajibu. Mimi nitasema jongoo, wewe utasema uji, watu wachague wenyewe. Ondoka mlangoni, Joachim."

Simwiti kwa jina lake mbele ya mtoto. Aliondoka.

Mbele ya ghala palikuwa na watu wengi, wengine na majembe begani, maana udongo ulikuwa umeloa na kila mtu alitaka kupanda. Shigela alisimama kando ya tela, mrefu, mkono kwenye fimbo ya kuchungia. Mkewe, Nyamizi, alikuwa amekaa chini kabisa, mgongo kwenye gurudumu la trekta, kana kwamba likitaka kuondoka limkanyage kwanza. Ng'washi alikuwa amekaa juu ya mizigo, mikono ameificha kwapani.

Mwenyekiti, Ndugu Eliezeri, aliniona. "Bibi Shamba! Umerudi. Mwizi wako tumempata bila wewe. Mafunzo yako yamefanya kazi!"

"Yamefanya kazi mbaya. Teremsha hivyo vyombo."

Eliezeri alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeangalia kama wengine wanacheka.

"Mama, umechoka na safari. Kamwene kwanza! Hata salamu hamna?"

"Kamwene, Ndugu Mwenyekiti. Teremsha hivyo vyombo."

"Kamati imekwisha kukaa."

"Kamati imekaa juu ya maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa na makosa." Nilifungua mlango wa ghala kwa ufunguo wangu, nikachota mbegu konzi moja, nikarudi nje. "Mwezi wa kumi niliwaambia rangi ya mbegu haitoki. Nilinawa kwa maji, haikutoka, nikaishia hapo. Juzi Mbeya nimewaona wabebaji wa ghala la mbegu wanamaliza kazi mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Wakajipangusa kwa mafuta ya taa na sabuni, wakaenda kula. Mikono myeupe. Tazameni."

Nilizifinya mbegu kwenye kiganja cha kushoto kilicholoa mpaka kikawa chekundu kama nimechinja. Nikamwagia mafuta ya taa, nikasugua kwa kanga, nikapiga sabuni. Niliinua mkono. Umebaki uwekundu kidogo kwenye kucha, basi.

"Kwa hiyo mwizi wenu amekwisha nawa," nikasema. "Kama mafuta ya taa anayo nyumbani kwake, alinawa usiku ule ule, yeye na mtoto aliyempitisha dirishani, na Jumatatu alikuja hapa kukagua mikono ya watoto wa wenzake."

Hapo palizuka kelele. Mtu mmoja nyuma akaita, "Sasa unatuita wezi sote?"

"Namwita mwizi mmoja. Ng'washi, mwanangu, shuka uje hapa."

Alimtazama baba yake. Shigela aliinamisha kichwa kukubali, binti akashuka. Mikono yake ilikuwa na alama za fimbo juu ya weusi ule. Nilimwagia mafuta ya taa, nikasugua taratibu, nikapiga sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikaiinua mikono yake ili wote waione. Ilikuwa vile vile.

"Hii si rangi ya mbegu. Ingekuwa ya mbegu ingetoka kama yangu. Hili ni doa la jongoo."

Sasa kicheko kilikuja chenyewe. Eliezeri alicheka mpaka akashika kiuno.

"Jongoo! Watu wazima tumesimama juani tunaambiwa jongoo. Mama, mimi nimezaliwa hapa Usangu. Jongoo nimewakanyaga toka sijavaa kaptura. Hakuna jongoo aliyenipaka rangi."

"Ulimkanyaga yupi?"

"Yupi vipi? Jongoo ni jongoo!"

"Severina, mwoneshe."

Severina alipita mbele na kopo. Nilimfungua bendeji pale pale mbele ya watu, maana alikuwa amejizungushia tena njiani kwa woga, nikaitupa chini. Mikono miwili ya mwanangu na mikono miwili ya Ng'washi ilikuwa sawa kabisa.

Sijawahi kusikia umati unavuta pumzi namna ile.

"Aa," Eliezeri alisema polepole. Hakuwa akicheka tena. "Kumbe uji. Mwalimu alituambia uji." Akageuka kwa watu. "Mnaona? Dirisha la nini, wakati ufunguo unalala kwa Bibi Shamba? Sasa wawili wale walikuwa pamoja, na mlango—"

"Malizia," nikasema. "Sema kwa sauti, niandike."

Nilitia mkono ndani ya kopo, nikamtoa Reli mwenye pingili hamsini na nane. Alijikunja papo hapo kama kamba iliyosokotwa. Nikamfinya, si kwa nguvu, akatoa maji yake ubavuni, tundu kwa tundu, ya njano, na harufu kali iliyowafanya wa mbele warudi nyuma. Yaliwasha. Kidole changu kilikuwa na mchubuko, na hapo yalichoma kama pilipili. Niliyapaka kiganja kizima cha kulia, nikamrudisha mnyama ndani, nikamwagia mafuta ya taa, nikasugua, nikapiga sabuni. Njano ilibaki, na kingo zake zilikuwa zimeshaanza kuwa kahawia.

"Kesho utakuwa kama chai ya rangi," nikasema. "Keshokutwa utakuwa kama wao. Kuna jongoo wa kunuka asiyepaka, kuna wa karanga, kuna wa manyoya asiye na maji hata tone. Watoto hawa wawili wamewapanga kwenye daftari, kila mmoja na miguu yake na tabia yake. Kwenye kijiji hiki kizima wao ndio pekee walioangalia kitu kwa macho kabla ya kukisemea. Mkawachapa."

"Mmoja tulimchapa," sauti ya mwanamke ilisema.

Alikuwa Nyamizi. Hakuwa amesimama. "Mmoja ndiye aliyechapwa, Mama Severina. Wako alifungwa bendeji."

Alikuwa amesema kweli, na alikuwa na haki ya kuisema mbele ya watu wale wale.

"Ndiyo," nikasema. "Wangu alifungwa bendeji."

Joachim alikuwa amefika. Sijui alifika saa ngapi. Alitoka katikati ya watu, shati lake jeupe la shule, uso umemshuka. "Uji niliusema mimi," alisema. "Nilijua si uji. Na fimbo niliishika mimi." Sikumsaidia.

Eliezeri alijikohoza. "Basi, ndugu. Mambo yamekuwa mengi. Mimi nasema hivi: tela liende kwanza kama kamati ilivyoamua, maana dereva anangoja na mafuta ya kijiji yanaungua. Mkono wa Bibi Shamba tutauangalia keshokutwa. Ukiwa mweusi kweli, tutawaandikia akina Shigela barua warudi."

"Barua mtaipeleka wapi?" Shigela aliuliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kuongea. "Barabarani? Mvua imekuja leo. Keshokutwa shamba langu atakuwa amepanda mwingine."

Na niliona kwenye nyuso mbili tatu kwamba hilo hasa ndilo lililokuwa likingojewa. Ekari zake zilikuwa karibu na mfereji.

Dereva alikuwa ameshawasha. Trekta lilitoa moshi mweusi, Nyamizi akaruka kutoka kwenye gurudumu. Eliezeri akapunga mkono: twende.

Nilishasema vya kutosha. Nilimpa Severina kopo ashike, nikapita nyuma ya trekta, nikapiga goti kwenye tope. Pini inayoshika tela ilikuwa imejaa grisi. Niliing'oa ile waya ya kuizuia, nikaivuta pini kwa mikono yote miwili, ule mwekundu wa kucha na ule wa njano, ikatoka. Niliitia kwenye mkoba wangu wa semina, nikafunga zipu.

"Nenda!" nikamwambia dereva.

Alikanyaga, trekta likaenda. Tela likabaki limeinamisha pua chini, na chungu kimoja kikabingirika mpaka miguuni pa Mwenyekiti.

"Mama!" Eliezeri alipiga kelele. "Hiyo ni mali ya kijiji!"

"Na mimi ni wa kijiji. Pini nitakupa jioni, tela likiwa tupu."

Nilipanda juu ya tela, nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, jembe, nikamtupia Shigela. Alilidaka. Nikashika debe, nikawaita wasichana, wakaja mbio wote wawili, nikawapa debe na ufunguo wa ghala mikononi mwao wenyewe, mikono ile myeusi, mbele ya watu wote.

"Jazeni mbegu za ekari za Shigela. Msijishike machoni. Mkimaliza, nendeni mkafukie kabla udongo haujakauka."

Joachim alikuwa amefika ubavuni mwa tela. Alinyoosha mikono, hakunitazama usoni. Nilimpa kitanda cha kamba, upande mzito, na tukaanza kushusha.